Kwa nini baridi ina mwisho lakini joto halina?

Kila ifikapo Juni na Julai barua za baridi huongezeka kwenye safu hii. Mwezi huu nimechagua tano, nikazipanga ili moja iishike nyingine mkono. Kwa wasomaji wapya: kabla sijaingia darasani kufundisha fizikia kwa miaka 24, nilikuwa mhimilishaji wa ng'ombe, yaani mtu wa kuwapandikiza mbegu za dume zilizogandishwa, kwa miaka minne, nikizunguka vijijini kwa pikipiki na mtungi wa naitrojeni ya kimiminika nyuma yangu. Kwa hiyo baridi kali niliijua kwa vidole kabla ya kuijua kwa vitabu. Nyuzi zote nitakazotaja ni za sentigredi, isipokuwa nikisema vingine.

*Shikamoo Mwalimu. Nasoma kidato cha tatu hapa Njombe. Mwalimu wetu aliandika ubaoni kwamba baridi haiwezi kupita nyuzi hasi 273. Nikamuuliza mbona katikati ya jua joto linafika mamilioni, lakini baridi inakatika karibu hivyo? Akasema tukariri, huwa inatoka kwenye mtihani. Nimekariri, ila sijaelewa. — Mwanafunzi, Njombe*

Marahaba, mwanangu. Umefanya vizuri kuandika, maana hilo ni swali la kweli na halijibiwi kwa kukariri.

Tatizo linaanzia kwenye maneno yetu ya kila siku. Tunasema "funga mlango baridi isiingie", "baridi imenishika". Tunaizungumzia kana kwamba ni mgeni anayepita uchochoroni na kuingia ndani. Hakuna kinachoingia. Asubuhi ya Julai ukishika bomba la chuma pale nje, joto la kiganja chako ndilo linalohama kwenda kwenye chuma, na wewe unauhisi upungufu huo na kuuita baridi. Ni kama njaa. Njaa haiingii tumboni; chakula ndicho kimekwisha.

Ukilishika hilo, swali lako linageuka. Badala ya kuuliza baridi inaweza kuongezeka mpaka wapi, uliza: ndani ya kitu hiki kuna joto kiasi gani, na likichotwa lote, kunabaki nini? Ghala la mahindi unaweza kulijaza, ukajenga la pili, ukajenga la kumi. Lakini ukianza kuchota, kuna siku debe litagonga sakafu. Sakafu hiyo ndiyo tunayoiita sifuri halisi, nyuzi hasi 273.15.

Na joto lenyewe ni nini? Ni mwendo. Molekuli za hewa ya chumbani kwako, hata kama hakuna upepo, zinakimbia kwa wastani wa karibu mita 500 kwa sekunde, zikigongana na kugonga kuta. Ndani ya mtungi wangu wa naitrojeni, mvuke uliolala juu ya kimiminika ulikuwa unakwenda kama nusu ya kasi hiyo. Kuongeza mwendo hakuna ukomo unaokuzuia leo wala kesho. Kupunguza mwendo kuna mahali pa kufika.

Sasa, nani alijua sakafu iko kwenye 273 na si 200 au 1,000, wakati hakuna aliyewahi kufika huko? Hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote, na unaweza kuifanya mwenyewe kabla shule haijafungwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1700, Mfaransa Guillaume Amontons aliona kwamba hewa iliyofungiwa hupoteza msukumo wake kadiri inavyopoa, akawaza kwamba lazima kuna mahali msukumo huo ungekwisha kabisa. Mwaka 1802 Mfaransa mwingine, Joseph Louis Gay-Lussac, alionyesha kwamba gesi mbalimbali hutanuka kwa kiwango kinachofanana kwa kila nyuzi moja. Mwalimu wako akikubali, fanyeni hivi. Chukueni mrija mwembamba wa kioo uliozibwa chini, mdondoshee tone la mafuta ndani ili lifungie hewa chini yake. Uzamisheni kwenye maji yenye barafu, mpime urefu wa hewa hiyo. Kisha uzamisheni kwenye maji ya moto, mpime tena.

Darasa langu moja lilipata sentimita 10.0 kwenye barafu na sentimita 13.5 kwenye maji ya nyuzi 92. Yaani hewa iliongezeka sentimita 3.5 kwa nyuzi 92, karibu sentimita 0.038 kwa kila nyuzi moja. Wakachora grafu, wakaweka rula juu ya nukta zile mbili, wakaurefusha mstari kurudi nyuma, chini ya sifuri, mpaka pale ambapo urefu wa hewa ungekuwa sifuri. Mstari ukakata kwenye hasi 263. Kwa kioo cha bei rahisi, tone la mafuta ya alizeti na sufuria la jikoni, walikuwa wamekosea nyuzi 10 tu. Msichana mmoja aliuinua ule mrija dirishani akautazama muda mrefu bila kusema kitu. Nadhani alikuwa ameona kwamba sakafu ya ulimwengu mzima imo ndani ya mrija wa sentimita 20.

Hewa halisi haitakubali kufika huko ikiwa hewa. Itageuka kimiminika njiani, kisha itaganda. Mstari ndio unaofika. Mwaka 1848 William Thomson, mzaliwa wa Belfast aliyefundisha Glasgow, alipendekeza kipimo cha joto kisichotegemea zebaki wala hewa wala kitu chochote maalumu. Baadaye alipewa cheo cha Lord Kelvin, na kwa heshima yake tunahesabu kuanzia sakafuni kwa kelvini: sifuri halisi ni kelvini 0, barafu huyeyuka kwenye kelvini 273.15, na mwili wako una kelvini 310.

Jambo moja nalisahihisha hapa kwa sababu nimelifundisha vibaya kwa miaka mingi. Vitabu husema kwenye sifuri halisi kila kitu kinatulia tuli. Si kweli. Molekuli huwa zimefikia kiwango cha chini kabisa cha nishati, ila mtikisiko mdogo hubaki, na huo hakuna njia ya kuuchota. Mbele, kwenye swali la msomaji wa Sumbawanga, utaona ushahidi wake.

*Mwalimu, mimi ni mfugaji Rungwe. Mtaalamu wa uhimilishaji akifungua mtungi wake unatoka moshi mweupe. Una sumu? Na nimeshangaa, mtungi hauna umeme wala betri. Hiyo baridi inatoka wapi, na mbegu zinaishije humo? — Mfugaji, Rungwe*

Ndugu yangu, umenirudisha kwenye ujana wangu.

Ule si moshi. Naitrojeni haina rangi, na ndiyo sehemu kubwa ya hewa unayoivuta sasa hivi, asilimia 78. Weupe unaouona ni unyevu wa hewa ya banda lako unaoganda kuwa ukungu unapokutana na mvuke wa baridi. Sumu haina, ila ina hatari nyingine: lita moja ya kimiminika ikigeuka gesi inakuwa karibu lita 700, na inasukuma oksijeni nje. Ndiyo maana mtungi haubebwi ndani ya gari lililofungwa vioo, na kifuniko chake hakikazwi. Kikikazwa, msukumo unapanda mpaka kitu kipasuke.

Umeme hauhitajiki kwa sababu kimiminika chenyewe kinachemka. Naitrojeni huchemka kwenye nyuzi hasi 196. Maji ya ugali yakishachemka, hata ukichochea moto hayapiti 100 au hapo karibu, kwa sababu kila joto linaloingia linatumika kugeuza maji kuwa mvuke. Ndani ya mtungi ni vilevile. Joto kidogo linalopenya linalipwa kwa mvuke unaotoka, na kimiminika kilichobaki kinakaa palepale hasi 196, mwezi mzima na zaidi kama mtungi ni mzima.

Uzima wa mtungi uko kwenye ukuta wake. Ni kuta mbili, na katikati yake hewa imenyonywa, pamebaki ombwe. Joto halina molekuli za kulibeba likavuka. Aliyebuni chombo hicho ni James Dewar, Mskoti aliyefanya kazi London, mwaka 1892, kwa ajili ya kutunzia gesi alizozigeuza vimiminika. Chupa ya chai iliyoko mezani kwako ni mtoto wa kazi yake. Chai inabaki ya moto na naitrojeni inabaki ya baridi kwa ukuta wa aina moja, kwa kuwa ukuta hauulizi joto linatoka upande gani.

Asubuhi moja ya mwaka wangu wa pili kazini niliamka nikakuta mtungi umevaa jalidi nyeupe kwa nje, kuanzia shingoni hadi mabegani. Siku mbili kabla nilikuwa nimeteleza na pikipiki kwenye tope. Nilichukua kile kijiti cheusi cha plastiki, nikakizamisha hadi chini, nikakitoa na kukipunga hewani ili mstari wa jalidi unionyeshe kina. Haukutokea mstari. Kijiti kilitoka kikavu. Ombwe lilikuwa limevuja, joto limepita ukutani usiku kucha, na mirija 60 ya mbegu ilikuwa imekufa. Kuna bibi aliyekuwa amefunga ng'ombe wake tangu alfajiri akinisubiri, naye ng'ombe akivuka muda wake anasubiriwa siku 21. Nilikwenda kumweleza kwa mdomo wangu. Tangu siku hiyo jalidi nje ya mtungi naiogopa kuliko mtungi mtupu, nawe ukiiona mwambie mtaalamu wako mara moja.

Kuhusu uhai wa mbegu: kwenye hasi 196 kemia ya mwili karibu inasimama, kwa hiyo hakuna kinachooza wala kuzeeka. Kinachoua ni kuganda kwenyewe, pale maji ya ndani yanapofanya vipande vya barafu vyenye ncha. Ndiyo maana vituo kama kile cha taifa cha Usa River, Arusha, huchanganya mbegu na kiini cha yai na gliserini kabla ya kuzigandisha, na sisi huko vijijini tukaziyeyusha kwenye maji ya uvuguvugu kwa chini ya dakika moja. Mbegu ni seli moja moja, ndogo, inakubali. Mwili mzima wa ng'ombe au wa mtu haukubali.

*Mwalimu, jambo sana. Niko muuguzi huku Beni. Wakati wa Ebola vaksini ilikuwa inafika katika baridi ya kati ya hasi 60 na hasi 80, na frigo yetu ya kawaida haikuweza kuitunza. Je, hiyo ni karibu na mwisho wa baridi? — Muuguzi, Beni*

Jambo sana, dada, na asante kwa kazi ile. Katika mlipuko wa 2018 hadi 2020 zaidi ya watu 300,000 walichanjwa Kivu Kaskazini, Ituri na maeneo jirani. Kila dozi ilibidi ibebwe ndani ya baridi hiyo kwenye barabara mnazozijua ninyi.

Jibu: bado mbali. Geuza kuwa kelvini. Chumba chako kina karibu 298, nyuzi hasi 80 ni 193. Mlikuwa mmesafiri theluthi moja tu ya njia. Barafu kavu, ile ya kaboni dioksidi inayogeuka mvuke bila kuyeyuka, iko hasi 78.5. Baridi kubwa kuliko zote iliyopimwa kwa kipimajoto juu ya ardhi ni ya kituo cha Vostok, Antaktika, hasi 89.2, tarehe 21 Julai 1983. Makontena yenu yalikuwa yanaubeba usiku wa Antaktika kupita karibu na ikweta.

*Mwalimu, tunasikia bonde letu la Rukwa lina heliamu. Mimi najua heliamu ni ya kujazia maputo. Kwa nini dunia iihangaikie? — Msomaji, Sumbawanga*

Maputo ni kazi ndogo kuliko zote za gesi hiyo. Heliamu ndiyo iliyotufikisha karibu na sakafu, na habari zake zinanisisimua hadi leo.

Mwishoni mwa karne ya 19 wanasayansi walikuwa wakizigeuza gesi kuwa vimiminika moja baada ya nyingine. Oksijeni iligeuzwa mwaka 1877, inachemka kwenye hasi 183. Dewar aliipata haidrojeni mwaka 1898, hasi 253. Ikabaki heliamu, iliyokataa kila walichojaribu.

Mjini Leiden, Uholanzi, Heike Kamerlingh Onnes alijenga maabara iliyofanana na karakana, yenye pampu, mabomba na mafundi aliowafundisha yeye mwenyewe kupuliza vioo na kutengeneza vyombo. Heliamu yake ilitoka kwenye mchanga wa monaziti, alioupata kwa msaada wa ndugu yake Onno. Tarehe 10 Julai 1908 walianza kabla jua halijawa juu. Walitumia hewa ya kimiminika kupoza haidrojeni, haidrojeni ya kimiminika kupoza heliamu, kisha wakaiachia heliamu itanuke ili ipoe zaidi. Hadi jioni hakuna kitu kilichoonekana, na haidrojeni ya mwisho ilikuwa inakwisha. Kipimajoto kiligoma kushuka, kimesimama palepale. Mwenzao mmoja aliyekuja kutazama akashauri wamulike chombo kutoka chini. Wakamulika, na uso wa kimiminika ukajitokeza, umekaa ndani ya kioo, karibu mililita 60. Kipimajoto kilikuwa kimesimama kwa sababu kilikuwa tayari kimezama ndani yake! Ilikuwa kwenye kelvini 4, yaani nyuzi hasi 269.

Usiku uleule alijaribu kuigandisha. Akainyonya mvuke kwa pampu, ikapoa zaidi, haikuganda. Na haigandi hata leo kwa msukumo wa kawaida wa hewa, upoze utakavyo. Mwanafunzi wa Njombe, ushahidi niliokuahidi ndio huu: ule mtikisiko usiochoteka unatosha kuzizuia atomi za heliamu zisishikane.

Mwaka 1911 maabara hiyohiyo ilizamisha waya wa zebaki iliyoganda kwenye heliamu, ikaona upinzani wa umeme unatoweka ghafla karibu na kelvini 4.2. Umeme ukianza kuzunguka hapo hauchoki. Na hapa ndipo Rukwa inapoingia. Mashine za MRI, zile za kupiga picha ndani ya mwili hospitalini, nyingi zina koili za waya unaopoteza upinzani vivyo hivyo, zilizozamishwa kwenye heliamu ya kimiminika. Gesi hiyo ikitoroka hewani hairudi. Ni nyepesi mno, dunia haiwezi kuishikilia.

Yenu ilizaliwa ndani ya miamba mikongwe, ambamo urani na thoriamu zimekuwa zikivunjika polepole kwa zaidi ya miaka bilioni na kuacha heliamu. Joto la Bonde la Ufa likaifungua, ikapanda. Mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham pamoja na kampuni ya utafutaji walitangaza kwamba ipo kwa wingi chini ya bonde lenu. Ningependa vijana wa Sumbawanga wajue kuigeuza kimiminika wao wenyewe, na vyuo vyetu vianze kuwafundisha hivyo sasa.

*Habari za masiku, Mwalimu. Tuko Winnipeg, Kanada. Januari tulifika hasi 40, na hapo watu wa sentigredi na wa farenhaiti wanakubaliana, namba ni ileile. Mwanangu wa miaka minane anauliza kama kuna mahali penye baridi kuliko hapa. Nimemwambia Mwalimu atajibu. — Mama, Winnipeg*

Nzuri, dada, poleni na Januari. Mwambie mwanetu ameuliza swali lililowahi kuwapa watu Nobeli kadhaa.

Kwenye mashimo ya ncha za mwezi ambayo jua halijawahi kuyafikia, kumepimwa karibu hasi 248. Anga tupu kati ya galaksi zina kelvini 2.7, mabaki ya joto la mwanzo wa ulimwengu, yaliyogunduliwa na Arno Penzias na Robert Wilson kwa antena ya redio huko New Jersey miaka ya 1964 na 1965. Kuna wingu moja la gesi liitwalo Boomerang, umbali wa miaka ya nuru kama 5,000, ambalo gesi yake inatanuka kwa kasi na kupoa mpaka kelvini 1. Ndilo mahali pa asili penye baridi kuliko pote tunapopajua.

Maabara zimepita hapo kwa mbali. Mwaka 1995 Eric Cornell na Carl Wieman, huko Boulder, Marekani, walizipunguza kasi atomi za rubidi kwa miale ya leza, kisha wakaziacha zile zenye joto zaidi zitoroke, kama chai inavyopoa kwa mvuke wake. Walifika nanokelvini 170, yaani sehemu 170 ukiigawa kelvini moja mara bilioni. Atomi zilikuwa zinakwenda milimita saba hivi kwa sekunde, sisimizi anaziacha. Zikaanza kuenenda zote kama kitu kimoja, jambo ambalo Mhindi Satyendra Nath Bose na Albert Einstein walikuwa wamelitabiri kwa hesabu miaka 70 kabla. Mwaka 2021 watafiti waliotumia mnara wa kudondoshea vitu huko Bremen, Ujerumani, walitangaza pikokelvini 38, yaani sehemu 38 ukiigawa kelvini moja mara trilioni, mabilioni ya mara chini ya baridi ya anga.

Sifuri yenyewe hakuna aliyeifikia, na Mjerumani Walther Nernst alionyesha zaidi ya miaka 100 iliyopita kwamba haifikiki. Aliyekamua ng'ombe ataelewa haraka: kila mvuto unatoa kidogo kuliko uliotangulia. Kila hatua ya kupoza inachota sehemu tu ya joto lililobaki, na hatua za kulimaliza lote hazina idadi.

Kutoka Winnipeg wingu la Boomerang halionekani, liko chini ya upeo. Mkija likizo kwa bibi mwezi Juni, saa tatu usiku, mtoe mtoto nje atazame kusini. Atafute Msalaba wa Kusini, kisha apandishe macho kidogo tu juu ya nyota ya kileleni mwa msalaba huo. Kwa macho hataliona, ni hafifu mno, ila ndipo lilipo.